Mali Bila Daftari: Karatasi za Wazee na Haki za Wajukuu

Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Maneno haya tumezoea kuwaambia wenye maduka wasioandika madeni yao. Lakini leo napenda, msomaji wangu, tuyatazame kwa upande mwengine. Mimi naona si mali peke yake iishayo bila habari. Hata mtu mwenyewe, na ukoo wake, na haki yake katika nchi aliyozaliwa, vyaweza kwisha bila habari pasipokuwa na daftari. Na daftari la wengi wetu watu wa pwani haliko afisini, bali limo ndani ya nyumba, chini ya kitanda.

Hapa Tudor ninapoishi, kila nyumba ina mahali pake pa karatasi. Kwa mmoja ni kasha la mkangazi lenye kufuli, kwa mwengine ni bati la biskuti lililoota kutu pembeni, kwa wa tatu ni mkoba wa ngozi uliotoka kwa babu. Wako na wenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu na kutiwa baina ya kanga za sanduku. Mwenye ufunguo, mara nyingi, ni mama. Baba ndiye aliyetajwa katika hizo karatasi, lakini mama ndiye ajuaye ziliko.

Kwa kuwa nilisoma chuoni, na hati ya Kiarabu naisoma hata iandikwe kwa mkono wa haraka, majirani huniletea karatasi zao za zamani niwaambie zasema nini. Kwa miaka mingi nimezipitia nyingi. Nimeona kuwa kuna karatasi ambazo kwazo serikali hututambua, na kuna karatasi ambazo kwazo sisi wenyewe hutambuana. Kwengineko mafungu mawili haya hukaa mbalimbali. Kwetu sisi yamechanganyika, na katika mchanganyiko huo ndimo haki za vijana wetu hupatikana au hupotea.

YALIYOMO KASHANI

Tuanze na Msahafu wa nyumba. Katika jalada lake, ndani, wazee walikuwa wakiandika vizazi: fulani bin fulani amezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi kadha wa Mfungo kadha, mwaka kadha wa Hijra. Mara nyengine huandikwa na mvua iliyonyesha, au jina la mkunga. Jalada hilo ndilo lililokuwa afisi ya vizazi ya mtaa mzima. Lina jina, lina siku, lina mwandishi aliyemcha Mungu. Ila halina muhuri.

Chini ya Msahafu mna hati ya ndoa. Chini yake mna vyeti vya masomo, na hapa Tudor wazee wengi hutunza kwa fahari cheti cha MIOME, ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa iliyoanza kusomesha mwaka 1951. Ilijengwa kwa michango ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar, ya Mabohora na ya serikali ya wakati ule, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Taasisi hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1966, ikawa Politekniki mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Jina limeondoka mlangoni, lakini katika makasha ya Tudor lingali hai.

Kisha mna karatasi za kazi: kitabu cha baharia kilichopigwa mihuri ya bandari za mbali, na barua ya kuajiriwa na Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Shirika lile liligawanywa, Jumuiya yenyewe ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 bandari yetu ikawa na Halmashauri yake. Mwajiri amekufa mara mbili, naye mwajiriwa angali na barua.

Mna pia risiti za kodi ya ardhi. Msomaji wa bara huenda asifahamu, lakini Mombasa tuna mtindo wa mtu kuwa na nyumba bila kuwa na ardhi iliyo chini yake. Kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwengine, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja. Mwenye nyumba ya namna hii hana hati ya kumiliki ardhi. Alicho nacho ni kitita cha risiti kilichofungwa kwa uzi. Siku ya mabishano, kitita hicho ndicho ulimi wake.

Na chini kabisa mna barua na picha. Barua kutoka Unguja, Lamu, Maskati, Dubai. Za Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, zikianza kwa salamu ndefu zinazojaza nusu ya ukurasa, ili habari yenyewe ya kifo au ya deni ije mwishoni, moyo wa msomaji ukiwa umekwisha tayarishwa. Barua hizi hazimpi mtu kitambulisho wala urithi. Lakini mwambie mwenye nyumba achague moja ya kuokoa na moto, uone mkono wake utakwenda wapi.

SHERIA HAIKUMPA, KISHA YAMUULIZA

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Jirani mmoja ana binti aliyemaliza shule ya sekondari akiwa na matokeo mazuri. Alipotimiza miaka 18 alikwenda kutaka kitambulisho. Jina lake na sura yake vilimfanya karani amtazame mara mbili. Akaambiwa alete karatasi za baba, akaleta. Akaambiwa alete na za babu na bibi mzaa baba. Babu alikuwa na kipande chake. Bibi alifariki mwaka 1975. Afisi ikashikilia iletwe nambari ya kitambulisho cha bibi.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Sheria ya kuandikisha watu nchini Kenya ina historia yake. Mkoloni alitunga sheria ya kipande mwaka 1915, akaitumia baada ya vita vikuu vya kwanza. Ilimlazimu mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichotundikwa shingoni. Mwaka 1947 ikaletwa sheria nyengine ya kuandikisha watu wa makabila yote, lakini nayo ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa Kenya hawakutiwa katika sheria ya vitambulisho mpaka mwaka 1978. Miaka miwili baadaye umri nao ukapandishwa kutoka 16 kuwa 18.

Basi bibi aliyekufa mwaka 1975 angekipata wapi kitambulisho? Serikali haikumpa, kisha baada ya miaka zaidi ya arubaini yamuuliza mjukuu wake kiko wapi. Je, huu si mfano wa mtu aliyeufunga mlango kisha akakasirika kuwa hukuingia?

Na cheti cha kuzaliwa vile vile. Wakoloni walianza kwa kuandikisha vizazi vya Wazungu, kisha vya Waasia. Usajili wa vizazi na vifo ulikuwa lazima katika nchi nzima mwaka 1971 tu. Aliyezaliwa nyumbani kabla ya hapo, kwa mkono wa mkunga, cheti chake ni lile jalada la Msahafu nililolitaja.

Yule binti aliokolewa na karatasi moja. Shangazi yake alifukua kasha, akatoa hati ya ndoa ya babu na bibi ya mwaka 1956, imeandikwa kwa hati ya Kiarabu, imeanza kutoboka mikunjoni. Nililetewa niisome. Nikamsomea binti jina kamili la bibi yake, la baba wa bibi na la babu wa bibi, mtaa wa Mji wa Kale alikotoka, mahari ya shilingi 200, na majina ya mashahidi wawili. Binti hakuwahi kumwona bibi huyo, hata picha. Alikaa kimya, kisha akaniomba nirudie tena yale majina, polepole, apate kuyaandika.

Hati ikafasiriwa, ikathibitishwa kwa Kadhi, ikapelekwa. Kitambulisho kilitoka baada ya karibu miaka miwili. Katika miaka miwili hiyo nafasi ya masomo aliyoipata ilikwenda kwa mwengine. Kwa hiyo msomaji asinielewe kuwa kisa hiki kiliisha kwa raha. Karatasi ya bibi ilimwokoa, lakini haikumrudishia wakati wake. Na laiti shangazi angekuwa mtu wa kusafisha kasha kila Ramadhani na kuchoma "makaratasi ya zamani", leo tungekuwa tunazungumza habari nyengine.

JINA MOJA, WATU WATATU

Mtihani mwengine ni wa majina. Sisi tulikuwa tukiandika kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuletewa za Kirumi, na herufi za Kiarabu hazina sauti zote za Kiswahili. Waandishi wengi wa kale waliandika p kwa herufi ya b, na v kwa herufi ya f. Mtu wa Pate katika hati ya kale huonekana kama mtu wa Bate. Karani asiyejua desturi hiyo huyafasiri anavyoyaona.

Kisha yakaja majina yenyewe katika Kirumi. Mtu mmoja katika cheti cha shule ni Swaleh, katika kipande ni Saleh, katika hati ya nyumba ni Salih. Mwengine ni Athman, Othman na Uthman. Mama aliyeitwa Mwanaisha maisha yake yote huandikwa Aisha na karani aliyeona kuwa "Mwana" si jina. Maadamu yu hai hapana taabu, kwani mtaa wote wamjua. Akifa, na warithi wakaenda kugawa kilichobaki, wale Saleh watatu hugeuka watu watatu, na kila mmoja hutakiwa kuthibitishwa. Hapo ndipo hati za kiapo zinapoandikwa, na pesa zikatoka, na ndugu wakaanza kutazamana vibaya.

Kuna na fomu zenye visanduku vitatu vya majina, na sisi nasaba yetu ni mnyororo wa bin na binti usiotaka kukatwa kipande cha tatu. Na kuna mke wa Kiislamu, ambaye kwa desturi yetu hubaki na jina la baba yake mpaka kaburini, akaandikwa jina la mume na karani aliyedhani anamfanyia wema. Akiachwa au akifiwa, huwa na majina mawili na hati ya ndoa moja, kama anayo. Naam, kama anayo; maana zingali ziko ndoa zinazofungwa msikitini kwa walii na mashahidi, zikawa sahihi mbele ya Mungu, lakini zisiandikishwe popote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka kila ndoa iandikishwe, na ya Kiislamu ni mojawapo. Mjane asiye na hati hulazimika kutafuta mashahidi wa harusi yake, na pengine mashahidi wamekwisha mtangulia mumewe.

SI SISI PEKE YETU

Nisije nikadhaniwa kuwa nalilia Tudor peke yake. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika ripoti mwaka 2007 juu ya taabu za vitambulisho, na ikaonyesha jinsi watu wa jamii fulani wanavyohojiwa zaidi ya wenzao. Wasomali wa Kenya walichujwa mwaka 1989 na kupewa kadi ya ziada juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Wanubi wa Kibera wamehangaika kwa vizazi.

Na hapa pwani, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikaa nchini miaka mingi bila ya kuwa raia wa popote. Oktoba 2016 walifunga safari ya kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na ndipo wakakubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wetu, wavuvi wa Kwale na Kilifi, ambao tunasali nao safu moja na kula samaki wao, walitambuliwa mwaka 2023. Kabla ya hapo mvuvi hakuweza kupata leseni kwa jina lake, wala kuandikisha laini ya simu, wala kumtafutia mtoto msaada wa karo.

Wako pia raia wa mwaka 1963. Katiba ya uhuru ilimfanya raia kwa nguvu ya sheria yule aliyezaliwa Kenya na ambaye mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka Hadharamaut au Kachi alipewa muda wa miaka miwili, mpaka Disemba 1965, aombe kuandikishwa. Waliokwenda kuandikishwa walipewa cheti. Wajukuu wa wenye cheti kile leo hulala usingizi. Wajukuu wa waliosema "tutakwenda kesho" wangali wanaamka alfajiri kwenda kupanga foleni.

Hata Uingereza, bwana wa makaratasi, iliaibika kwa jambo hili hili. Watu kutoka visiwa vya Karibi walihamia huko kwa halali kuanzia mwaka 1948, na wengi waliingia wakiwa watoto. Mwaka 2010 serikali iliziharibu kadi zilizoonyesha siku waliyoshuka melini. Baadaye ikaanza kuwataka watu hao wathibitishe tangu lini wako nchini. Wazee waliofanya kazi na kulipa kodi maisha yao yote walinyimwa matibabu, wakafukuzwa kazi, na wengine wakatolewa nchini, mpaka fedheha ilipofichuka mwaka 2018. Kumbe ugonjwa ni mmoja: dola hupoteza karatasi yake, kisha humwadhibu raia kwa kutokuwa nayo.

KOMPYUTA NA KASHA

Kuna watakaosema kuwa mambo haya yamepitwa na wakati. Mwaka 2019 tuliandikishwa Huduma Namba, karibu watu milioni 38 kwa muda wa wiki chache. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango usiendelee mpaka iwepo sheria ya kutosha ya kulinda habari za watu, na ikakataza kuchukuliwa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa mitambo. Oktoba 2021 mahakama ikatia tena mguu kati. Ikaja serikali nyengine na Maisha Namba, ambayo mtoto hupewa tangu kuzaliwa. Na Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuwa uchujaji wa ziada kwa watu wa kaskazini mashariki na mipakani umekwisha.

Hatua hiyo ni ya kheri na mwenye kushukuru ashukuru. Lakini tangazo ni jambo moja, na karani mlangoni ni jambo jengine. Desturi ya kumtazama mtu mara mbili haifi kwa hotuba. Nami nasema, karatasi ya zamani haijapoteza thamani yake, kwa sababu mbili.

Kwanza, kompyuta haizui habari. Hulishwa habari zilizoko kwenye karatasi. Jina likiingia limekosewa, litakaa limekosewa miaka mia, tena kwa haraka zaidi na katika afisi zote kwa pamoja. Siku ya kulisahihisha utaulizwa ushahidi, na ushahidi umo kashani.

Pili, nambari hueleza kuwa mtu yuko. Haielezi ni nani. Nambari ya yule binti haikumwambia kuwa bibi yake aliozwa kwa mahari ya shilingi 200 mbele ya mashahidi wawili.

KUANDIKA NI IBADA

Ndugu zangu Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuteremka juu ya vita wala juu ya miujiza. Imeteremka juu ya kuandikiana deni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, wala watu wasichoke kuandika, dogo au kubwa. Na katika Hadithi sahihi Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umekwisha andikwa. Ni wangapi kati yetu waliolala masiku elfu?

Wazee wetu waliijua thamani ya waraka. Mwana Kupona wa Pate alipojiona mgonjwa, mnamo mwaka 1858, hakumwachia bintiye dhahabu peke yake. Alimtungia utenzi ukaandikwa, na mpaka leo twausoma. Muyaka wa Mombasa alitunga akasema, lakini tungo zake zingemezwa na udongo lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyezikusanya na kuzieleza, na Mwingereza Taylor aliyezinakili. Leo karatasi hizo zimo katika maktaba ya SOAS, London. Tunajivunia Muyaka, lakini mwenye kutaka kuona nakala zake hupanda ndege. Lamu wametenda vyema zaidi: maandiko ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza, na yenyewe yakabaki msikitini kwake.

Hata Mahakama za Kadhi zimesimama juu ya barua. Oktoba 1963, kabla ya ukanda wa pwani kuunganishwa na Kenya, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana kuwa Mahakama hizo zitahifadhiwa. Ahadi ile ikaingia katika katiba, na katika katiba ya 2010 imo katika kifungu cha 170. Lau ingekuwa ahadi ya mdomo tu, leo tungekuwa tunabishana nani alisikia nini.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila nyumba itenge siku moja, iwe baada ya Idi au wakati wa likizo, ikae pamoja na kasha. Wazee wataje ni karatasi gani hii na ni nani huyu katika picha, na kijana mmoja aandike kwa penseli nyuma ya picha, kwani wino hupenya. Pili, jalada la Msahafu, hati za ndoa na risiti zitolewe nakala, na nakala ziwekwe nyumba nyengine, si chumba chengine. Hewa yetu ya chumvi, mchwa na nondo havina huruma. Picha ya simu nayo yafaa, ila simu huibiwa na hufa kabla ya karatasi. Tatu, msikimbilie kuzifunika hati za kale kwa plastiki ya moto. Gundi ile haitoki tena, na hati huharibika ndani yake. Bahasha safi kavu yatosha. Nne, majina ya mtoto yaandikwe namna moja tangu siku ya kwanza. Na tano, atakayesafisha nyumba asichome karatasi yenye herufi asizozisoma. Aulize kwanza.

Kwa serikali neno langu ni fupi. Isimdai raia karatasi ambayo yenyewe haikuwahi kumwandikia. Pale ambapo daftari la serikali lilikuwa halijafunguliwa, daftari la Kadhi, la msikiti, la shule na la jalada la Msahafu lipewe heshima ya ushahidi, na ushuhuda wa wazee wa mtaa usikilizwe. Hiyo si hisani, ni uadilifu.

Nami kwa kuwa ada yetu watunzi ni kufunga neno kwa ubeti, nawaachia huu:

Fukueni sandukuni, mutoe zenu nyaraka,
Musizache mavumbini, zikaliwa zikachoka,
Majina yalomo ndani, ni ya waliotutoka,
Mjukuu barazani, ndizo zitamtamka.